Nuhu Mbogo: Mwanamfalme Aliyejua Kukataa



Safari hii tumependa tuwasimulie maisha ya Mwanamfalme Nuhu Mbogo wa Buganda. Waislamu wa Uganda wanamfahamu sana, ingawa kwetu huku Chunya hatajwi mara nyingi. Tumemchagua kwa sababu alijua lipi litangulie na lipi lingoje, na alijua kusema hapana. Hilo ni fundisho la imani. Hata shahada yetu huanza kwa kukanusha miungu yote, ndipo ikamthibitisha Allah peke yake.

Mbogo alikuwa mtoto wa Kabaka Suuna II. Katika zama za Suuna ndipo wafanyabiashara Waislamu kutoka Pwani na Unguja walipoufikisha Uislamu Buganda. Ndugu yake Mbogo, Kabaka Mutesa I, alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, lakini hakutahiriwa. Mwaka 1876 vijana Waislamu wa ikulu yake walikataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa. Mutesa alikasirika, na wengi wao wakauawa Namugongo. Kwa hiyo Waislamu wa Buganda walijua mapema kwamba neno hapana lina gharama.

Mwaka 1888 Waislamu walishika madaraka wakamtawaza Kalema, mtoto wa Mutesa. Vita vikafuata. Mapema mwaka 1890 walishindwa wakarudi nyuma hadi mpakani mwa Bunyoro, na huko Kalema akafariki kwa ndui. Hapo Waislamu wakamchagua ami yake, Mbogo, awe mfalme wao. Mwaka 1891 wakashindwa tena, safari hii na Wakristo wa Buganda wakiongozwa na Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza.

Mbogo alikuwa na nasaba ya kifalme na wapiganaji waliokuwa tayari kumfuata. Lakini nyuma ya wapiganaji hao walikuwepo wanawake, wazee na watoto waliokuwa mbali na makwao. Kiti cha enzi kingeweza kutafutwa kwa damu zaidi, lakini watu wakishaisha, nani angebaki kuswali na kufundisha Qur'ani?

Katikati ya mwaka 1892 Mbogo alikubali suluhu. Alikuja Kampala, akaacha madai ya ufalme na kumtambua Mwanga, mtoto wa kaka yake, kuwa Kabaka. Waislamu wakapewa majimbo matatu ya kukaa: Butambala, Gomba na Busujju.

Wala tusidhani kwamba mambo yalimnyookea hapo hapo. Mwaka 1893 ulizuka ugomvi mwingine baina ya Waislamu na serikali. Mbogo mwenyewe hakuingia vitani, hata hivyo alipelekwa uhamishoni Unguja. Waislamu wakabakiwa na Butambala tu. Alirudi Buganda mwaka 1895.

Mtihani wake wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Mwaka 1897 askari wa Kisudani wa serikali ya Waingereza waliasi. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha na mishahara duni. Hao walikuwa Waislamu wenzake, nao walimtaka Mbogo awe mfalme. Kumkatalia adui si kazi kubwa. Kazi ni kumkatalia ndugu yako anayekuletea kile ulichokuwa ukikitaka jana. Mbogo alikataa.

Katika Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900 alitengewa maili za mraba 24 za ardhi, yeye na wafuasi wake, pamoja na pensheni ya pauni 250 kwa mwaka. Alibaki kiongozi wa Waislamu mpaka alipofariki mwaka 1921. Baadaye mwanawe, Badru Kakungulu, alitoa ardhi katika kilima cha Kibuli, Kampala, pakajengwa msikiti na shule.

Wapo watakaosema kwamba Mbogo aliwaachia Waingereza mambo kirahisi. Ni kweli kwamba ufalme haukurudi mikononi mwa Waislamu. Lakini tukumbuke kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alirudi Madina bila ya kufanya Umra mwaka wa Hudaybiya, na Sayyidna Hassan (R.A.) aliacha ukhalifa mwaka 41 Hijria ili damu za Waislamu zisimwagike. Mafakihi nao wametufundisha kwamba kuzuia madhara hutangulia kutafuta manufaa.

Enyi wanafunzi wetu, hapa Chunya hamtaitwa kwenye ufalme. Mtaitwa machimboni. Rafiki yako atakuja na habari za dhahabu iliyoonekana, na pengine siku hiyo ni ya darasa, au ni wakati wa swala. Dhahabu ni riziki ya halali kwa anayeitafuta kwa njia zake, wala hatuikatazi. Tunachosema ni kwamba kila jambo lina nafasi yake: fardhi kwanza, kisha haki za wazazi na elimu, na mengine yafuate. Mjibu rafiki yako kwa upole, wala usimtukane. Akikuita mwoga, vumilia.

Nanyi wazazi, msimu wa tumbaku ukifika, mtoto anayewaomba aende chuoni kwanza ndipo aje shambani msimwone mvivu. Huyo ameanza kujifunza kupanga, naye anahitaji msaada wenu.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Nuhu Mbogo, na atupe sisi na watoto wetu moyo wa kulitanguliza analoliridhia. Amin.