Paul Bomani: Mtu wa mizani ya pamba

Ukikunja shuka la mpira, ingiza pembe moja ndani ya nyingine hadi zote nne zikae pamoja, kisha likunje liwe mraba. Lakini shuka la pamba, kabla ya kufika kitandani, lilianzia shambani na kupita kwenye mizani. Hapo ndipo linapokuja jina la Paul Bomani.

Alizaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kisabato. Akiwa kijana alifanya kazi katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Wakati huo wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walilalamika kupunjwa kwenye mizani na wanunuzi. Bomani aliwahamasisha waunde vyama vyao, wawe na watu wao wa kupima pamba.

Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, yeye akiwa meneja mkuu. Shirikisho likaja kumiliki viwanda vyake vya kuchambua pamba. Mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Fedha. Bomani alifariki mwaka 2005.

Mkulima wa Bunda au Butiama, swali la enzi zile bado ni lako: nani anasoma mizani? Isome mwenyewe, andika kilo zako, dai stakabadhi. Shuka unalokunja asubuhi limetokana na kilo kama hizo.