MAISHA YA BWANA DE SAUSSURE, MTU ALIYEFUNGIA JUA NDANI YA SANDUKU



Kila mmoja wetu wa internati anajua namna gani maji ya saa kumi na moja asubuhi yanavyouma. Ndiyo sababu sisi wa darasa la sita tumechagua kueleza maisha ya mtu aliyefungua njia ya kupasha maji moto kwa jua, ingawa yeye mwenyewe alikufa bila kuona matunda yake.

Horace-Bénédict de Saussure alizaliwa tarehe 17/2/1740, karibu na mji wa Genève, ambao leo ni wa inchi ya Uswisi. Wazazi wake walikuwa watu wa mali. Charles Bonnet, mume wa dada ya mama yake, alikuwa mtaalamu mkubwa, naye akamzoeza kuangalia mimea kwa makini. Mwaka 1762 kijana huyu, akiwa na miaka 22 tu, akawa profesa katika Akademia ya Genève, ile iliyoanzishwa na Calvin mwaka 1559. Sisi tuko na miaka 18. Tupige hesabu wenyewe.

Swali moja lilimsumbua: juu ya mlima tuko karibu zaidi na jua, basi kwa nini kule kuna baridi kali? Wengine walifikiri mwangaza wa jua una nguvu kidogo kule juu. Yeye hakutaka kubishana bure. Mwaka 1767 alianza kutengeneza masanduku ya vioo. Baadaye akachukua sanduku la mbao, ndani akaweka gamba jeusi la mti, lile la kuzibia chupa, na juu akafunika vioo vitatu, kimoja juu ya kingine. Akaliweka juani. Ndani joto likapita digri 100, ni kusema kupita maji yanayochemka.

Siri yake ni hii. Mwangaza unapita katika kioo na kupiga kitu cheusi. Kitu cheusi kinaumeza na kuwa moto. Lakini joto lile haliwezi kutoka upesi kwa njia ya kioo, na upepo hauwezi kuingia kulichukua. Jua linaingia, joto linafungwa.

Mwaka 1774 alipandisha sanduku lake juu ya mlima wa Cramont. Inje hewa ilikuwa ya baridi sana, lakini ndani ya sanduku joto lilikuwa karibu sawa na lile la bondeni. Basi jua halikuwa na kosa. Ni hewa ya kule juu ambayo haishiki joto.

Huyu bwana hakuchoka upesi. Mwaka 1760 aliahidi zawadi kwa mtu atakayepata njia ya kufika juu ya Mont Blanc. Alingoja miaka 26, mpaka Balmat na daktari Paccard walipofika tarehe 8/8/1786. Mwaka uliofuata, 1787, alipanda mwenyewe pamoja na wasaidizi 18. Kule kileleni kichwa kilimuuma na pumzi ilimpungukia, lakini badala ya kulala alitoa vyombo vyake akaanza kupima. Miaka ya mwisho ilikuwa ya taabu. Mapinduzi ya Ufaransa yalimharibia mali, ugonjwa ukamlemaza, akafa tarehe 22/1/1799. Uswisi haikumsahau: noti ya faranga 20 ya mwaka 1979 ilikuwa na sura yake.

Na sanduku? Mwaka 1891, huko Baltimore, Marekani, Clarence Kemp aliweka matangi meusi ya maji ndani ya sanduku la kioo, akayauza kwa watu wa nyumbani. Mwaka 1909 William Bailey wa California alitenga tangi na sanduku, ili maji yabaki moto hata usiku. Mwaka 1913 baridi ikapasua mabomba, maana maji yakigeuka barafu yanavimba. Bailey akatia ndani dawa isiyoganda.

Hata leo, katika inchi za baridi za Ulaya, nyumba zinafanya vile. Juu ya paa kuna bamba jeusi chini ya kioo, limegeukia kusini. Maji yenye dawa ile yanazunguka humo kwa pompi, yanashuka katika bomba lililojikunja ndani ya tangi, yanaacha joto lake bila kuchanganyika na maji ya kuoga. Wakati wa joto, jua linafanya karibu kazi yote. Wakati wa theluji, siku ni fupi, na moto mwingine lazima usaidie.

Ndugu zetu, kwetu bomba haliwezi kupasuka juu ya barafu, na jua tuko nalo bure. Lakini kila siku tunachoma kuni, na msitu unatukimbia. Tunaomba Bwana Prefe ruhusa: atupatie vioo vya madirisha ya zamani, mbao kidogo, pipa moja na rangi nyeusi. Tutapima kila saa na kuandika matokeo humu, hata kama ni mabaya. De Saussure alifanya hivyo.