John Hunter na mchepuko wa damu

Msikilizaji, moyo husukuma damu mwili mzima, lakini misuli yake haijilishi kwa damu inayopita ndani yake. Una mishipa yake midogo inayouzunguka kwa nje. Mishipa hiyo ikiziba polepole, wakati mwingine vijishipa vya jirani hutanuka na kupitisha damu pembeni, kama barabara ya mchepuko daraja linapokatika. (Nasema mchepuko wa barabara, si ule mwingine.) Leo tunamzungumzia daktari aliyethubutu kuutegemea mchepuko huo kwenye mguu wa mgonjwa, na ambaye moyo wake mwenyewe ndio uliomwua.

John Hunter alizaliwa Scotland mwaka 1728, kitinda mimba wa watoto kumi. Shule haikumkaa. Mwaka 1748 alikwenda London kumsaidia kaka yake William, aliyekuwa akifundisha wanafunzi kwa kupasua maiti. Maiti za kufundishia zilikuwa adimu, na nyingi ziliibwa makaburini usiku. Hunter alihusika na biashara hiyo, na sioni sababu ya kumfichia. Kulikuwa na Muirishi mmoja mrefu ajabu, Charles Byrne, aliyetaka azikwe baharini ili madaktari wasimpate. Alipofariki mwaka 1783, Hunter alitoa fedha, mwili ukachukuliwa, na mifupa yake ikawekwa kwenye maonyesho.

Kabla ya hapo alikuwa daktari wa jeshi. Mwaka 1761, vitani kwenye kisiwa cha Belle Île huko Ufaransa, madaktari walikuwa na desturi ya kulipanua jeraha la risasi kwa kisu. Hunter aliwaona askari waliojificha siku kadhaa bila kuguswa na daktari, na majeraha yao yakaendelea vizuri kuliko ya waliokatwa. Akaanza kuwaza tofauti na wenzake. Jeraha linapovimba, kuwa jekundu, kupata joto na kuuma, hali ambayo madaktari huiita inflamesheni, yeye aliona huo si ugonjwa peke yake. Ni mwili unajibu, unajaribu kujirekebisha. Aliandika kitabu kizima juu ya damu, inflamesheni na majeraha ya risasi, kikachapishwa mwaka 1794.

Sasa mchepuko. Inasimuliwa kwamba mwaka 1785, katika hifadhi ya Richmond, Hunter alifunga mshipa mkubwa wa shingo ya kulungu dume, upande mmoja. Pembe za kulungu wa Ulaya zikiwa zinaota huwa na damu na joto. Ile ya upande uliofungwa ikapoa. Baada ya siku kadhaa alipoishika tena, ilikuwa na joto, na bado inakua! Uzi haukuwa umefunguka. Mishipa midogo ya jirani ndiyo iliyotanuka ikafanya kazi ya ule mkubwa.

Desemba mwaka huohuo akaletewa dereva wa gari la farasi. Mshipa nyuma ya goti lake ulikuwa umetuna kama puto, na ungepasuka damu ingemmaliza. Wengi wenye tatizo hilo walikatwa mguu. Hunter aliufunga mshipa juu zaidi, pajani, penye ukuta mzima, akaamini damu itajipenyeza kwa pembeni. Mguu haukuoza. Baada ya wiki zipatazo sita mtu yule alitoka hospitali, akarudi kuendesha gari lake. Alifariki mwaka 1787 kwa homa, na Hunter, kwa tabia yake, akauchukua mguu akauchunguze.

Wanasayansi wa leo wamekuta mambo mawili haya yameshikana. Mshipa mkubwa ukiziba, damu hukimbilia vijishipa vya pembeni, kuta zake zikasuguliwa, na chembe nyeupe za damu, zilezile za inflamesheni, huja kusaidia kuvipanua. Lakini chembe hizohizo zikijaa kwenye ukuta wa mshipa wenye mafuta, huuharibu, damu huganda, na hapo ndipo shambulio la moyo linapotokea. Ndiyo maana dawa ya kuotesha mishipa mipya imekuwa ngumu kupatikana: kinachojenga huku kinaweza kubomoa kule. Na mchepuko wa moyo haumtoshi kila mtu. Ukibanwa kifua unapopanda mlima, kulima au kukasirika, nenda kituo cha afya. Maumivu yakikaa hata ukipumzika, nenda saa hiyohiyo.

Hunter alianza kubanwa kifua mwaka 1773. Hasira ndiyo ilimchokoza zaidi, na yeye alikuwa mwepesi wa hasira. Aliwaambia watu kwamba maisha yake yako mikononi mwa yeyote atakayeamua kumuudhi. Mwanafunzi wake Edward Jenner, yule wa chanjo ya ndui, alishuku kwamba mishipa ya moyo wa mwalimu wake imekauka, lakini alinyamaza asimtie hofu, kwa sababu tiba haikuwepo.

Tarehe 16 Oktoba 1793, kwenye kikao cha hospitali ya St George's, Hunter alikuwa akiwatetea vijana wawili waliotaka kupokelewa kusoma. Mjumbe mmoja akampinga. Hunter akanyamaza, akatoka kwenda chumba cha pili, akaanguka akafa. Alikuwa na miaka 65. Walipompasua, mishipa ya moyo wake ilikuwa imekakamaa kama mfupa, kama Jenner alivyohofia.