Joginder Singh: Fundi wa gereji aliyetawala Safari Rally

KATIKA barabara itokayo Kitale kuelekea Lodwar na Kakuma, gari hupimwa kwa breki zake kabla ya kupimwa kwa injini. Kutoka Kapenguria, kwenye kimo cha takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, njia huteremka ikipindapinda hadi Marich, kisha hutandaa jangwani mpaka Lodwar, mji ulio kwenye mita 500 hivi. Breki zilizochemka mlimani hupokewa na vumbi bondeni, na mvua inaponyesha huzamishwa katika maji ya laga. Lami iliyotandazwa huko kwa msaada wa serikali ya Norway katika miaka ya 1980 ilichakaa na kugeuka mashimo, na kwa miaka mingi madereva walipendelea kupita pembeni, mchangani, kuliko juu ya barabara yenyewe.

Barabara za namna hiyo ndizo zilizomfanya marehemu Joginder Singh Bhachu kuwa bingwa, ingawa jina lake huhusishwa zaidi na matope ya nyanda za juu na mawe ya Taita. Wakenya walimwita Simba wa Kenya. Wazungu walimwita Kalasinga Arukaye. Yeye alikuwa, kabla ya yote, fundi.

Alizaliwa Kericho mnamo Februari 9, 1932, katika familia ya Masingasinga iliyokuwa na asili ya Punjab. Ufundi aliujifunza katika gereji ya baba yake, akiwa kijana aliyezoea kulala chali chini ya gari. Katika miaka ya 1950 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kama mtu wa doria, kazi yake ikiwa kuwaokoa wasafiri ambao magari yao yamekwama njiani. Ni kazi ambayo haikumpa sifa, lakini ilimwonyesha mambo ambayo dereva wa mashindano hayaoni hadi yamfike: nati iliyolegea, bomba la breki lililopasuka, rimu iliyopinda kwa jiwe moja tu.

Mashindano ya Safari yalikuwa yameanza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Joginder aliyaingia kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Wakati huo mchezo huo ulikuwa, kwa sehemu kubwa, wa walowezi na wa makampuni, na Mhindi fundi gereji hakutarajiwa kufanya zaidi ya kushiriki.

Mwaka 1965 aliingia na gari aina ya Volvo PV544, msaidizi wake akiwa ndugu yake Jaswant. Halikuwa gari jipya. Lilikuwa limekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda katika mashindano ya awali, na umbo lake la mgongo wa mviringo lilikuwa limebuniwa katika miaka ya 1940. Kiwanda kilikuwa karibu kuacha kuliunda. Joginder alilifumua na kulisuka upya mwenyewe, kisha akapangiwa kuondoka wa kwanza, nafasi ambayo wengi waliiona kuwa ya mkosi kwa kuwa mtangulizi hana alama za magurudumu ya mwenzake za kufuata. Alirudi Nairobi akiwa mshindi, akimwacha wa pili kwa dakika 100. Ushindi mwembamba hupatikana kwa bahati; wa dakika 100 huandaliwa gereji.

Inafaa kueleza gari lile lilisimamaje. PV544 ilikuwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Dramu ni chungu kilichofunikwa: viatu vya breki husugua ndani yake, na joto halina njia nyepesi ya kutokea. Kwenye mteremko mrefu hulegea, na yakiingia maji huchelewa kukauka. Breki za diski huwa wazi kwa upepo, hivyo hupoa na kukauka upesi. Dereva wa dramu hana budi kupunguza mwendo kwa gia na kuihifadhi breki kwa wakati wa dharura, ustadi ambao dereva wa lori anayeteremka Kamatira anaujua vyema.

Ndiyo sababu watu wengi wanaofufua magari ya enzi hizo huondoa dramu za mbele na kufunga diski kutoka gari la baadaye, huku wakitaka kurudisha rimu za asili ili sura ya gari isiharibike. Hapo ndipo ugomvi huanza, na fundi wa Lodwar au Kakuma aliyelazimika kuunganisha Land Rover moja kwa spea za magari matatu anaujua pia. Rimu ya zamani iliundwa kufunika dramu, haikuachiwa nafasi ya kalipa, ambayo hutokeza nje na juu. Matundu ya nati yanaweza kulingana kabisa na bado gurudumu likakwaruza chuma. Wapo wanaosaga kalipa ili ipungue, jambo la hatari kwa kuwa ndani yake mna shinikizo la mafuta. Wapo wanaoweka kipande cha kusogeza gurudumu nje, wakasahau kwamba skrubu zilizobaki fupi hazishikilii nati kwa nyuzi za kutosha. Baya zaidi ni diski au kalipa ya kushoto isiyolingana na ya kulia: gari hukwenda sawa siku zote hadi siku ya kukanyaga breki kwa nguvu, ndipo huvutwa upande mmoja. Uchunguzi wenyewe ni rahisi. Gari huinuliwa kwa jeki, udongo laini hubandikwa juu ya kalipa, gurudumu hufungwa na kuzungushwa kwa mkono, na unene wa udongo uliobaki huonyesha nafasi iliyopo. Nafasi hiyo isipotosha, hutafutwa rimu nyingine, hata ikiwa sura ya gari itapungua uzuri.

Joginder alingoja miaka tisa kupata ushindi wa pili. Mwaka 1974, katika mashindano yaliyojaa mafuriko, akiwa na David Doig, aliendesha Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari dogo lenye diski mbele na dramu nyuma, ambalo watu wachache walilihesabu. Nyuma yake alimaliza Björn Waldegård wa Sweden katika Porsche 911. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na kampuni hiyo ya Japani ikapata jina kupitia mikono ya fundi wa Kericho. Mwaka 1976 yeye na Doig walirudia, na safari hii magari ya Mitsubishi yakashika nafasi zote tatu za kwanza.

Takwimu inayowavutia mafundi kuliko vikombe hivyo vitatu ni nyingine. Kati ya mwaka 1959 na 1980 Joginder alianza Safari mara 22, akamaliza mara 19. Kulikuwa na miaka ambayo magari saba pekee yalifika mwisho. Kumaliza namna hiyo si kazi ya mguu mzito, ni ya sikio linalosikia bearing ikilia kabla haijavunjika.

Baada ya kustaafu alihamia Uingereza. Alifariki London mnamo Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Wakati huo Safari ilikuwa imeondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mashindano ya mwaka 2002, na haikurejea hadi 2021, wakati magari yaliponguruma tena Naivasha.