William Adams, Rubani wa Japani

William Adams alizaliwa Gillingham, Uingereza, mwaka 1564. Alipokuwa na miaka 12 alitiwa kwa fundi wa kuunda merikebu, akajifunza kazi kwa miaka 12 mingine. Mwaka 1598 aliagana na mkewe na binti yake, akawa rubani katika merikebu tano za Waholanzi zilizotaka kwenda kufanya biashara Mashariki.

Safari ile ilikuwa ya msiba mtupu. Njaa, tufani na vita viliwamaliza mabaharia, hata Aprili mwaka 1600 merikebu moja tu, Liefde, ikafika Japani. Ndani yake walikuwamo watu 24 hivi, nao wengi hawakuweza hata kusimama. Wareno waliotangulia kufika huko wakawashtaki kuwa ni maharamia, ili wauawe. Adams akafungwa Osaka muda wa majuma sita, akingoja kufa. Lakini Tokugawa Ieyasu, bwana mkubwa wa nchi, alipomhoji aliona kwamba wageni hawa hawakumdhuru yeye wala watu wake, akakataa kuwaua.

Kisha Ieyasu akamwamuru aunde merikebu kwa namna ya Kizungu. Adams alijibu kwamba hakuwa stadi wa kazi hiyo, akaambiwa ajaribu tu. Akaunda moja ya tani 80, na baadaye nyingine ya tani 120. Alimfundisha bwana wake hesabu pia, akapendwa mno. Akapewa shamba la Hemi pamoja na wakulima wake, na ruhusa ya kuvaa panga mbili kama waungwana wa nchi, na jina la Miura Anjin, maana yake rubani wa Miura. Hata Wareno waliotaka auawe wakaja kumwomba awasemee, naye akawasaidia.

Jambo moja tu alinyimwa: kurudi kwao. Kila alipoomba alikataliwa. Akaoa mke wa Kijapani, akazaa naye Joseph na Susanna.

Mwaka 1613 ikafika merikebu ya Kiingereza, Clove. Nahodha wake, John Saris, alitazamia kumwona ndugu. Akaona mtu mwenye desturi za Kijapani, asiyetaka kulala nyumba moja na Waingereza wenzake. Wawili hao hawakupatana. Ndipo Ieyasu alipompa Adams ile ruhusa aliyoililia miaka mingi. Naye hakwenda. Clove ikatweka bila yeye, akabaki kuitumikia kampuni ya Waingereza huko Hirado.

Alifariki Hirado tarehe 16 Mei 1620. Katika wosia wake mali iligawanywa nusu kwa nusu: nusu kwa mkewe na binti yake wa Uingereza, nusu kwa Joseph na Susanna. Zile panga mbili alipewa Joseph, na waliokuwapo siku ya kumkabidhi walitokwa na machozi.