James Naismith, mwalimu aliyetundika vikapu

James Naismith alizaliwa Canada tarehe 6/11/1861. Akiwa mtoto wa miaka 9 hivi, baba na mama wakafariki kwa homa ya matumbo. Mjomba ndiye aliyemulea. Aliacha masomo, akaenda kukata miti porini, kisha akarudi darasani akiwa kijana mukubwa.

Mwaka 1891 alikuwa anafundisha mazoezi ya mwili huko Springfield, Marekani. Baridi ilifungia wanafunzi ndani, nao walikuwa vichwa ngumu: walimu wawili walishashindwa nao. Mukubwa wake, Luther Gulick, akamupa siku 14 atafute mchezo mupya. Akajaribu mpira wa mguu ndani ya nyumba, wakaumizana.

Kumbe shida ilikuwa kukimbia na mpira na kugongana. Basi akakataza yote mawili, akatundika juu vikapu viwili vya matunda, karibu mita 3, akaandika sheria 13. Siku ya kwanza kikapu kiliingia kimoja tu.

Mwaka 1936 alishuhudia basketi ikiingia Olimpiki, Berlin. Alifariki tarehe 28/11/1939. Leo vijana wa Goma na Bukavu wanaucheza mchezo ule uliozaliwa sababu mwalimu mmoja alikataa kuacha darasa gumu.