IMAM BUKHARI NA DAWA YA HIFDHI



Kila mitihani inapokaribia tunawasikia wanafunzi wakilalamika kuwa vichwa vyao ni vizito. Mtu anahifadhi sura leo, kesho imeruka. Anafungua kitabu, macho yapo kwenye mstari na moyo uko uwanjani. Wazazi nao huulizana kuhusu vidonge vya kuongeza akili, na wapo wanaosikiliza rekodi za kutuliza akili usiku, wakitarajia kuamka na kumbukumbu mpya. Swali hili la dawa ya kuhifadhi si geni. Aliulizwa Imam Bukhari (Rahimahullah) zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, na jibu lake ndilo lililotufanya tukuleteeni maisha yake katika toleo hili.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Jina lake ni Muhammad bin Ismail bin Ibrahim bin al-Mughira, na kuniya yake ni Abu Abdillah. Alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 13 Shawwal mwaka 194 Hijria (810 Miladia), katika mji wa Bukhara, ambao leo uko nchini Uzbekistan. Baba yake, Sheikh Ismail, alikuwa mwanachuoni aliyesikia hadithi kutoka kwa Imam Malik, na alijulikana kwa kujihadhari na mali yenye shaka. Alifariki mwanawe akiwa bado mdogo, basi Bukhari akalelewa yatima mikononi mwa mama yake.

Wamesimulia wanahistoria kuwa alipokuwa mtoto macho yake yalipofuka. Mama hakuchoka kuomba na kulia mbele ya Mola wake, mpaka usiku mmoja akamuota Nabii Ibrahim (A.S.) akimbashiria kuwa dua yake imekubaliwa. Kulipokucha mtoto akawa anaona. Macho hayo ndiyo yaliyokuja kusoma maelfu ya kurasa za hadithi.

MWANAFUNZI WA MIAKA 11

Alianza kuhifadhi hadithi akiwa na umri wa miaka 10 hivi, angali chuoni. Siku moja, akiwa na miaka 11, alihudhuria darsa ya Sheikh ad-Dakhili. Sheikh akataja mlolongo wa wapokezi, na kijana akasema kwa adabu kuwa mpokezi mmoja ametajwa siye. Sheikh akamkemea. Kijana akamuomba arejee kwenye kitabu chake cha asili, ikiwa anacho. Sheikh akaingia ndani, akatazama, akatoka na kumuuliza jina sahihi. Alipoambiwa, akachukua kalamu ya kijana na kusahihisha kitabu chake. Tuwatazame wote wawili: mtoto aliyekuwa na uhakika wa alichohifadhi, na mwalimu ambaye hakuona haya kurejea kwenye haki.

Alipotimiza miaka 16 alikuwa amehifadhi vitabu vya Ibnul Mubarak na Wakii. Mwaka huo, 210 Hijria, alikwenda Hijja pamoja na mama yake na ndugu yake Ahmad. Wao wakarudi Bukhara, yeye akabaki Makka kutafuta elimu. Baadaye alizunguka Madina, Basra, Kufa, Baghdad, Sham, Misri na Khurasan.

BASRA NA BAGHDAD

Huko Basra wenzake walikuwa wakiandika kila wanachokisikia kwa masheikh, na yeye alikaa akisikiliza tu bila ya kuandika. Zilipopita siku 16 wakamlaumu kuwa anapoteza wakati wake. Akawaambia walete walichoandika. Zilikuwa hadithi zaidi ya 15,000. Akazisoma zote kwa moyo, mpaka wao wakawa wanasahihisha madaftari yao kutokana na hifdhi yake.

Alipofika Baghdad, wanazuoni wa hadithi walitaka kumpima. Wakachukua hadithi 100, wakazichanganya: mapokezi ya hii wakayatia kwenye maneno ya ile. Wakachagua watu 10, kila mmoja akapewa hadithi 10, na watu wengi wakakusanyika kusikiliza. Kila hadithi iliposomwa, Imam alijibu kuwa haijui. Wajuzi wakatambua kuwa ameufahamu mtego, na wasiojua wakadhani ameshindwa. Walipomaliza wote 10, akamgeukia wa kwanza. Akamrejeshea hadithi yake ya kwanza kama alivyoikosea, kisha akamsomea iliyo sahihi, akaendelea hivyo mpaka ya 100. Ibn Hajar, aliyeisherehesha Sahihi yake, ameeleza kuwa ajabu si kule kusahihisha, kwani alikuwa hafidhi. Ajabu ni kuyashika makosa yale kwa mpangilio wake baada ya kuyasikia mara moja tu.

SWALI LA DAWA

Kwa mambo kama haya watu walizua kuwa Imam amekunywa dawa ya hifdhi. Mwandishi wake, Muhammad bin Abi Hatim, akamuuliza faraghani kama ipo dawa ya namna hiyo. Imam akajibu kuwa yeye haijui. Kisha akamwelekea na kumweleza kuwa hakuona kitu chenye manufaa zaidi kwa hifdhi kuliko mtu kuwa na hamu kubwa ya elimu, na kudumu katika kutazama alichokisoma.

Maisha yake yanathibitisha jibu hilo. Mwandishi huyo huyo ameeleza kuwa walipokuwa safarini, Imam aliweza kuamka usiku mmoja mara 15 hadi 20, kila mara akiwasha taa, akitoa hadithi na kuzitia alama, kisha akalala tena. Hakuridhika na jina tupu la mpokezi. Alitaka kujua wengi wao wamezaliwa lini, wamefariki lini na wameishi wapi, na alieleza kuwa ni majina machache katika kitabu chake cha Tarikh ambayo hana kisa chake. Jina lenye kisa halisahauliki upesi.

SAHIHI YAKE NA KUFARIKI KWAKE

Kitabu chake cha Sahihi alikifanyia kazi kwa miaka 16, akichagua katika mapokezi yapatayo 600,000. Zilizoingia ni hadithi 7,275 pamoja na zilizokaririwa, kwa hesabu ya Ibnus Salah. Kabla ya kuandika kila hadithi alikuwa akioga na kusali rakaa mbili. Hadithi aliyoitanguliza ni ile ya nia.

Mwishoni mwa umri wake alipata mitihani. Gavana wa Bukhara alimtaka aende kwenye kasri lake kuwasomesha watoto wake peke yao. Imam akakataa, kwani elimu ni ya watu wote, na kwa ajili hiyo akatolewa katika mji wake. Alifariki katika kijiji cha Khartank, karibu na Samarkand, usiku wa Idul Fitri mwaka 256 Hijria (870 Miladia), akiwa na umri wa miaka 62 kasoro siku 13.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, ni kweli kuwa Mwenyezi Mungu alimpa kipaji kisichopewa kila mtu. Lakini alipoulizwa siri yake hakutaja kipaji. Alitaja mambo mawili ambayo kila mwanafunzi anayaweza: hamu na muraja'a.

Pili, anayesoma sura mara moja usiku wa kuamkia mtihani asiseme kichwa chake kizito. Airudie leo, kesho na keshokutwa, na aelewe maana yake na kisa chake.

Tatu, nanyi wazazi, msiwaambie watoto wenu kuwa hawana akili. Mama yake Bukhari alikuwa na mtoto asiyeona, na hakukata tamaa naye.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imam Bukhari na wazazi wake, awafungulie wanafunzi wetu nyoyo zao, na awaruzuku elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.